Kupima pawa saplai ya kompyuta ya mezani: mwongozo kamili, kuanzia lebo hadi mzigo mzito

Kompyuta iliyonifundisha kuiheshimu pawa saplai, lile sanduku linalogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa kompyuta, ilikuwa inazima kila mwenyewe alipofungua gemu. Dakika 3 au 4 za mchezo, kioo giza, feni kimya, kisha inajiwasha yenyewe. Kwa kuandika na kutazama filamu ilikaa siku nzima bila shida. Tulibadili RAM, tukafuta Windows na kuiweka upya, tukasafisha prosesa na kuipaka pasta mpya. Pawa saplai nilikuwa nimeshaipima mwanzoni kabisa, kompyuta ikiwa imetulia, nikapata volti 12.09 na kuiondoa kwenye orodha ya washukiwa. Wiki mbili baadaye nikarudia kipimo kilekile gemu likiwa linakwenda. Namba kwenye mita ikaanza kuteremka nikiitazama: 11.7, 11.5, 11.3, kisha giza.

Tangu siku hiyo, pawa saplai isiyobeba mzigo siihesabu kuwa imepimwa. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo, kwa sababu watu wengi huishia kwenye kipimo cha kwanza, kile ambacho karibu kila pawa saplai hufaulu.

Vifaa, na jambo la usalama

Utahitaji multimita ya dijitali, mita ya wati ya kuchomeka kwenye soketi ya ukutani, programu za kuilemea kompyuta (Prime95 kwa prosesa, FurMark kwa kadi ya grafiki, au OCCT inayoweza vyote viwili), na daftari. Daftari ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana utalinganisha namba za saa tofauti na kichwa hakizihifadhi sawasawa.

Sanduku la pawa saplai lenyewe usilifungue. Ndani kuna kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi chaji) ambayo katika pawa saplai nyingi za sasa hubeba takriban volti 400 za DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya waya wa ukutani kuchomolewa. Vipimo vyote vilivyomo humu hufanyika upande wa nje, kwenye nyaya zinazotoka.

Kisha itazame multimita yako kabla ya kugusa chochote. Waya mwekundu uwe kwenye tundu la volti, si la ampia. Ukiuacha kwenye tundu la 10A na kugusa pini ya volti 12, umetengeneza shoti: mita inakuwa kipande cha waya tu. Ukibahatika, pawa saplai itajizima. Usipobahatika, fyuzi ya mita itaungua, au pini itayeyuka.

Hatua ya 1: Isome lebo kama mkataba

Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi, 500W au 650W, ndiyo isemayo machache zaidi. Tafuta jedwali dogo lililobandikwa ubavuni na uende moja kwa moja kwenye safu ya +12V. Prosesa na kadi ya grafiki za leo hula karibu umeme wao wote kutoka njia hiyo. Njia za 5V na 3.3V zimebakiwa na kazi ndogo kama USB, diski na baadhi ya sehemu za ubao mama.

Chukua mfano wa lebo mbili. Ya kwanza inajiita 500W, na jedwali lake linasema +12V ni ampia 18, +5V ni ampia 30, +3.3V ni ampia 28. Zidisha: 12 × 18 ni wati 216. Ya pili inajiita 450W na +12V yake ni ampia 36, yaani wati 432. Kwa kompyuta ya leo yenye kadi ya grafiki, ile "ndogo" ina nguvu maradufu. Lebo ya kwanza ni ya muundo wa zamani, wa enzi ambazo prosesa zilikula kutoka 5V, na bado zinauzwa zikiwa na namba kubwa mbele.

Ukikuta njia zaidi ya moja za 12V (12V1, 12V2), usizijumlishe ampia zake. Tafuta mstari unaotaja jumla ya wati za 12V kwa pamoja, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko hesabu ya kujumlisha. Angalia pia kama kuna joto lililotajwa. Wati zilizoahidiwa kwa nyuzi 50 za Selsiasi ni ahadi nzito kuliko zilizoahidiwa kwa nyuzi 25, kwa kuwa ndani ya kasha hewa huwa ya moto.

Nembo ya 80 PLUS nayo ina maana yake, ila si ile wanayoidhania wengi. Inaeleza ufanisi, yaani kiasi gani cha umeme wa ukutani hufika kwenye kompyuta badala ya kugeuka joto. Kwa umeme wa volti 115, daraja la Bronze hudai ufanisi wa 82% kwenye mzigo wa 20%, 85% kwenye nusu ya mzigo na 82% kwenye mzigo kamili. Gold hudai 87, 90 na 87. Upimaji huo hufanywa kwenye chumba chenye nyuzi 23, na haugusi uthabiti wa volti, usafi wa umeme wala mifumo ya kinga. Gold mbaya ipo, na Bronze imara ipo pia.

Hatua ya 2: Macho, pua, masikio

Hii ni ya dakika mbili. Chungulia kwa tochi kupitia matundu ya feni: vumbi lililoshikana kama sufi, au kapasita iliyofura kichwa, vinatosha kuanza kuitilia shaka. Nusa hewa inayotoka. Harufu ya plastiki iliyoungua haiji bila sababu. Kagua plagi za kadi ya grafiki na za prosesa kama kuna tundu lililogeuka kahawia. Mlio mwembamba unaobadilika kadiri mzigo unavyobadilika hutoka kwenye koili, na peke yake si ugonjwa. Mlio wa kukwaruza wa feni ni bearingi inayokwisha, na feni ikisimama kila kitu kilichomo kitapikika.

Hatua ya 3: Iwashe ikiwa peke yake

Kipimo hiki kina kazi moja tu, nayo ni kujua kama iko hai. Chomoa nyaya zote kutoka kwenye kompyuta. Chomeka waya wa ukutani, washa swichi ya nyuma, kisha pima pini ya 9 ya plagi kubwa ya pini 24, yenye waya wa zambarau. Hapo lazima pawepo volti 5 hata kabla ya kuwasha, kwa kuwa ndizo zinazoisikiliza swichi ya kasha. Zikikosekana, kwa matumizi ya nyumbani safari imeishia hapo.

Zikiwepo, zima swichi ya nyuma, unganisha pini ya 16 (kijani) na pini yoyote nyeusi kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi, halafu washa tena. Ni vizuri kuchomeka feni au diski ya zamani, kwa kuwa baadhi ya pawa saplai hugoma kuwaka bila mzigo wowote, na feni za baadhi ya zile mpya huwa hazizunguki mpaka zipate joto. Pima njano kwa 12V, nyekundu kwa 5V, chungwa kwa 3.3V, bluu kwa −12V. Kijivu, pini ya 8, ndiyo ishara kwamba umeme umetulia. Baada ya kuwaka inatakiwa kuwa karibu na volti 5. Kwa kanuni ya ATX, viwango vinavyofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, huchelewa milisekunde 100 hadi 500 baada ya njia nyingine kukaa sawa, na multimita haina mwendo wa kuyaona hayo. Inatosha kuona kwamba inafika na kubaki.

Pawa saplai nyingi za sasa nyaya zake zote ni nyeusi. Hapo usikisie. Tafuta mchoro wa pini 24, uhesabu mara mbili, ndipo uguse.

Na kama nyaya zake ni za kuchomoa, usitumie kamwe nyaya za pawa saplai nyingine eti kwa sababu zinaingia. Upande wa kompyuta pini zinafuata kanuni moja. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga apendavyo, na wakati mwingine mtengenezaji mmoja hubadili mpangilio kati ya modeli na modeli. Diski zimekufa kwa njia hii, na picha za mtu pamoja nazo.

Hatua ya 4: Volti chini ya mzigo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Rudisha kila kitu ndani ya kompyuta, acha ubavu wa kasha wazi, na uipime ikiwa kazini. Mipaka ya ATX ambayo wengi huitumia ni hii:

+12V: kuanzia 11.40 hadi 12.60
+5V, pamoja na ile ya kusubiri: 4.75 hadi 5.25
+3.3V: 3.14 hadi 3.46
−12V: −10.8 hadi −13.2

Ncha nyekundu ya mita iingize kwa nyuma ya plagi, pale waya unapoingilia, mpaka iguse chuma cha pini. Plagi inabaki mahali pake. Ncha nene itakusumbua, hivyo ifungie sindano nyembamba au nunua ncha za aina hiyo. Ncha nyeusi iweke kwenye pini nyeusi ya plagi ileile, si kwenye chuma cha kasha, ili upime kile plagi inachokipata.

Andika namba katika hali nne: kompyuta ikiwa imetulia, prosesa pekee ikiwa imelemewa, kadi ya grafiki pekee, kisha vyote viwili kwa dakika 30. Zile dakika 30 usizikate. Pawa saplai yenye kapasita zilizochoka inaweza kupita salama ikiwa baridi na kuanza kulegea ikishapata moto. Wakati wa mzigo wa pamoja pima sehemu mbili, plagi ya pini 24 na plagi ya kadi ya grafiki. Ya pili ikiwa chini zaidi kwa kiasi kinachoonekana wazi, tatizo linaweza kuwa waya mwembamba au plagi iliyolegea, na pawa saplai haina hatia.

Kuwa ndani ya mipaka hakutoshi. Tazama pia volti zimesogea kiasi gani. Ukipata 12.14 ikiwa imetulia na 11.86 ikiwa imelemewa, tofauti ni 0.28, ambayo ni takriban 2.3% ya 12. Inaruhusiwa, ila haivutii. Pawa saplai iliyojengwa vizuri husogea chini ya 1%, na mimi nikiona zaidi ya 3% naanza kuitafutia mbadala hata kama bado iko ndani ya mstari. Namba inayoendelea kuteremka bila kutulia hunitia wasiwasi kuliko namba ya chini iliyosimama pale pale.

Kuna dalili moja ambayo mita ya kawaida huionyesha wazi, na wengi huipita. Lemea 12V kwa nguvu huku 5V haina kazi kubwa, kisha tazama zote mbili. Kama 12V inashuka kuelekea 11.6 na 5V inapanda kuelekea 5.2 kwa wakati mmoja, pawa saplai hiyo husimamia njia mbili hizo kwa pamoja, kama mizani: upande mmoja ukishuka, mwingine unapanda. Ni muundo wa gharama nafuu na haufai kwa kompyuta za leo, ambazo mzigo wake wote umeegemea 12V. Pawa saplai bora hutengeneza 12V kwanza, kisha hutoa 5V na 3.3V kutoka humo kwa saketi ndogo zinazojitegemea, na huo mchezo wa mizani hutauona.

Vipi kuhusu programu kama HWiNFO zinazoonyesha volti kwenye kioo? Zinasoma kihisi cha ubao mama, na usahihi wake hutofautiana sana. Ukiona imeandika 12V ni 8.0 na kompyuta inaendelea kufanya kazi, kihisi ndicho kinachokosea. Zitumie kuona mwelekeo kwa saa nyingi, na hukumu iachie mita.

Hatua ya 5: Inakula kiasi gani ukutani

Chomeka kompyuta kupitia mita ya wati na urudie mzigo wa pamoja. Tuseme mita inasoma wati 412. Huo ni umeme unaoingia. Unaotoka ndio wati zilizoandikwa kwenye lebo, kwa hiyo zidisha kwa ufanisi: kwa 88%, 412 × 0.88 ni takriban wati 363. Ni kosa la kila siku mtu kuona mita inasoma 520 na kuamini pawa saplai yake ya 500W imezidiwa. Kwa ufanisi wa 87% inatoa wati 452 tu. Imebanwa, lakini haijazidiwa.

Ufanisi wenyewe huwezi kuupima nyumbani bila kifaa maalumu cha kubebesha mzigo unaojulikana, kwa hiyo tumia daraja la 80 PLUS la pawa saplai hiyo kama makadirio. Kwa mzigo wa kudumu napenda kubaki chini ya 80% ya wati za 12V. Si kanuni ya kitabu. Nafasi hiyo ni ya mambo ya hatua inayofuata.

Kama mita yako inaonyesha pia PF (power factor), itazame. Pawa saplai za kisasa husoma zaidi ya 0.9 zikiwa na mzigo. Ukikuta 0.6, mara nyingi hiyo ni ya muundo wa zamani usio na saketi ya kurekebisha mkondo, na kwa kawaida mengine yaliyomo ndani yake ni ya zamani vilevile.

Hatua ya 6: Mishtuko ya ghafla

Kadi za grafiki zenye nguvu hazinywi umeme kwa utulivu. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde huruka mbali juu ya wastani wake, kisha hushuka. Mita ya ukutani haioni, multimita haioni, lakini kinga ya pawa saplai inaona na inaweza kukata umeme. Ndiyo maana kanuni ya ATX 3.0, iliyotoka mwaka 2022, iliweka sharti la kuvumilia mishtuko inayofika 200% ya wati za lebo kwa mikrosekunde 100.

Kwa hiyo kompyuta inaweza kumaliza saa nzima ya FurMark na bado ikazima kwenye gemu. FurMark ni mzigo mzito uliosimama mahali pamoja. Gemu hupanda na kushuka. Tumia mzigo unaobadilika wa OCCT, au anzisha na kusimamisha mzigo wa pamoja mara 15 hadi 20, ukiipa sekunde chache kati ya mara na mara. Ikizima papo hapo bila kuganda wala kutoa ujumbe, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Windows itaandika tukio la Kernel-Power namba 41, ambalo maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Halikwambii nani aliyeizima.

Kabla ya kutoa lawama, hakikisha kadi ya grafiki yenye plagi mbili inapata nyaya mbili tofauti, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Plagi ya pini 8 imepangiwa wati 150 na ya pini 6 wati 75. Mara kadhaa nimeona kubadili waya peke yake kukimaliza kesi.

Hatua ya 7: Kwa mwenye osiloskopu

Juu ya volti za DC huwa kuna mawimbi madogo yanayobaki baada ya umeme kuchujwa. Mpaka wa ATX ni milivolti 120 kutoka bonde hadi kilele kwa 12V, na 50 kwa 5V na 3.3V. Yakizidi, kompyuta inaweza kuonyesha makosa yasiyoeleweka, na kapasita za ubao mama na za kadi huzeeka mapema. Osiloskopu, kifaa kinachochora volti kama mawimbi kwenye kioo, iwekee kikomo cha masafa cha 20 MHz, na mahali pa kupimia weka kapasita mbili sambamba, ya mikrofaradi 10 na ya mikrofaradi 0.1. Waya wa ardhi (ground) wa ncha uwe mfupi iwezekanavyo. Ule mrefu wenye klipu huokota kelele kama antena, na utailaumu pawa saplai kwa mawimbi ambayo si yake. Pima kwenye mzigo mkubwa, ikiwa ya moto.

Usijaribu kazi hii kwa multimita kwenye AC. Mawimbi haya huenda kwa makumi ya maelfu ya mizunguko kwa sekunde na zaidi, na mita nyingi hazifiki huko. Itakupa namba ndogo nzuri isiyo na maana.

Umeme wa ukutani unapopepesa

Kipimo cha mwisho hakihitaji kifaa kipya kama una UPS. Umeme ukikatika, pawa saplai nzuri huendelea kutoa kwa takriban milisekunde 16 au 17 kutokana na chaji ya ile kapasita kubwa, na UPS nyingi huhamia kwenye betri ndani ya muda huo. Hifadhi kazi zako zote, lemea kompyuta, kisha chomoa UPS ukutani. Kompyuta ikizima wakati UPS inaendelea kuwasha vitu vingine, na mzigo haujazidi uwezo wa UPS yenyewe, ile kapasita imechoka au ilikuwa ndogo tangu kiwandani. Rudia mara 3 au 4, maana kubahatika mara moja kunawezekana.

Uamuzi

Ikitoka nje ya mipaka chini ya mzigo wa kawaida, ikinuka kuungua, au ikikata umeme kwenye mzigo ulio chini ya wati zake, ibadili. Sishauri kukarabati pawa saplai ya kompyuta unayoitegemea, isipokuwa kazi hiyo ni fani yako na una vifaa vya kuipima upya kwa mzigo kamili. Ikiwa namba ziko ndani lakini zimesogea sana, ibakishe kwenye kompyuta isiyo na kadi kubwa, na upime tena baada ya miezi 6 ukilinganisha na daftari.

Ile kompyuta ya gemu tuliipa pawa saplai mpya, wati zilezile kwenye boksi lakini za kweli kwenye njia ya 12V. Ikiwa imetulia ilisoma 12.08. Kwa gemu lilelile, baada ya nusu saa, 11.96, na hapo ikasimama. Ile ya zamani nilikata nyaya zake zote karibu kabisa na sanduku kabla ya kuitupa, ili asije mtu akaiokota na kuichomeka kwenye mashine yake.